Jaa Lililohama na Vikao Visivyo na Mwenyewe

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Malalamiko yao yalikuwa mepesi kueleweka: jaa la jiji lilikuwa katikati ya makazi yao, taka zilikuwa zikiungua, na moshi, harufu na inzi vilikuwa vimewanyima raha ya kuishi majumbani mwao. Mahakama iliwapa haki. Jiji, badala ya kutafuta mahali pengine, likarudi kuomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga. Jaji Lugakingira alilikatalia ombi hilo, akiegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile inayolinda haki ya mtu kuishi, katika uamuzi ambao wanafunzi wa sheria ya mazingira wanausoma mpaka leo.

Malori yakageuza njia kuelekea Kunduchi Mtongani, wilayani Kinondoni. Huko nako wakazi zaidi ya 700 walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1991, na wao pia wakashinda. Katika hoja zao kuna moja ambayo hunivutia kila ninapoifundisha: walisema kwamba kwa mujibu wa Mpango Kabambe wa jiji lenyewe, eneo lile lilikuwa la makazi. Yaani wananchi ndio walioufungua mpango na kuusoma, na Jiji lililouandaa ndilo lililokuwa limeusahau kabatini.

Baada ya Kunduchi jaa lilihamia Vingunguti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likahamia Mtoni, Temeke, jirani na bonde la mto Kizinga unaoingia baharini upande wa bandari. Mtoni ilipojaa, malori yakapanda hadi Pugu Kinyamwezi, kwenye ukingo wa Ilala unaopakana na Kisarawe. Tabata, Kunduchi, Vingunguti, Mtoni, Pugu: ndani ya miaka ishirini jaa moja lilizunguka wilaya zote tatu za wakati ule, likifukuzwa na mahakama hapa, likifukuzwa na kujaa kwake pale.

Nimeanza na jaa kwa makusudi. Mji wa watu milioni kadhaa unahitaji mahali pa kutupa taka kwa miaka 30 au 40, lakini hakuna kata inayolitaka jaa hata kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo ni lazima pawepo makubaliano yaliyo makubwa kuliko kata, makubwa kuliko manispaa, na marefu kuliko muhula wa diwani. Wanaozalisha taka, wanaozizoa kwa malipo, na wanaoishi jirani na zinakomwagwa ni lazima wakae jamvi moja na wakubaliane juu ya jambo ambalo wajukuu wao ndio watakaoona mwisho wake. Hiyo ndiyo maana ya ushirikiano wa kikanda katika upangaji, maneno ambayo kwenye semina zetu yamechakaa kwa kutumiwa kabla hayajafanya kazi.

Tusiseme kwamba Dar es Salaam ilikosa mipango. Ulikuwapo wa 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Kiingereza ya Sir Alexander Gibb. Ukaja wa 1968, kisha wa 1979, yote miwili kazi ya kampuni za Kanada. Ni michoro mizuri. Aliyewahi kuitandika mezani anajua. Tatizo lilikuwa mikono ya kuitekeleza. Mwaka 1972, kwa sera ya madaraka mikoani, serikali za mitaa zilifutwa, na Dar es Salaam ikabaki bila halmashauri hadi mamlaka za miji ziliporejeshwa mwaka 1978. Mpango wa 1979 ulikabidhiwa kwa chombo kilichokuwa kinajifunza upya kutembea, kisicho na fedha wala wataalamu wa kutosha, wakati mji wenyewe haungoji mtu. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821. Sensa ya 1988 ilihesabu 1,360,850. Wengi wa hao walioongezeka hawakuishi ndani ya mchoro wowote. Waliishi Manzese, Keko, Buguruni, Hanna Nassif, katika nyumba walizojenga wenyewe kwenye viwanja walivyouziana wenyewe, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi.

Ndiyo sababu mwaka 1992 naupa uzito kuliko miaka yote mitatu ya mipango kabambe. Mwaka huo, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ulianza mradi uliokusudia kubadili namna ya kupanga jiji badala ya kuchora ramani ya nne. Uliitishwa mkutano mkubwa wa mashauriano wa wadau, ukaorodhesha mambo makuu yanayoutesa mji: taka ngumu, maji taka, makazi yasiyopangwa, usafiri na hewa chafu, maeneo ya wazi na mabonde ya hatari, biashara ndogondogo, upanuzi wa mji, na mengineyo. Kila jambo likaundiwa vikundi kazi. Ndani ya kikundi kimoja aliweza kukaa ofisa wa wizara, mhandisi wa Jiji, mwakilishi wa viwanda, mwalimu wa chuo na mtu aliyetumwa na wenzake wa mtaani. Kazi yao ilikuwa kuafikiana nani atafanya nini, kwa fedha ya nani.

Msomaji kijana anaweza kuona jambo hili la kawaida, kwa kuwa siku hizi kila warsha ina "wadau". Mwaka 1992 halikuwa la kawaida. Nchi ilikuwa imetoka miaka 27 ya chama kimoja, na mfanyabiashara alikuwa bado anatazamwa kwa jicho la pembeni katika ofisi za umma. Kumweka kikaoni kama mtu mwenye haki ya kusema jiji liendeje ulikuwa mgeuko mkubwa. Na matunda yalionekana mapema. Mwaka 1994 uzoaji wa taka katika kata za katikati ya jiji ulikabidhiwa kwa kampuni binafsi. Mwishoni mwa muongo huo huduma hiyo ilipanuliwa kwa makampuni na vikundi vingi vya jamii, vingi vikiwa vya wanawake na vijana, kila kimoja na eneo lake la kuzoa na kutoza ada nyumba kwa nyumba.

Hanna Nassif, huko Kinondoni, ilitoa mfano ambao hadi leo hutajwa vyuoni mbali na hapa. Kata hiyo imeshuka hadi bonde la Msimbazi, na kila masika maji yalikuwa yakiingia ndani ya nyumba. Kuanzia 1994 wakazi, kupitia jumuiya yao ya maendeleo, walishirikiana na Jiji, Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine kujenga mifereji na barabara kwa nguvukazi ya wakazi wenyewe, waliolipwa ujira, na wengi wao wakiwa wanawake. Barabara ilipokwisha, magari yaliyoingia yalitozwa ushuru mdogo wa matengenezo. Jambo hili huwa nalisisitiza kwa maofisa wanaokuja kusoma shahada ya uzamili jioni: wananchi maskini walikubali kulipia matengenezo ya kitu walichoshiriki kukiamua, wakati tunaambiwa kila bajeti kwamba wananchi hawana utamaduni wa kulipa.

Lakini mfereji mzuri wa Hanna Nassif humwaga maji yake wapi? Msimbazini. Na Msimbazi, kabla ya kufika hapo, umeshapokea maji ya Pugu, Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata, na ya vijito vinavyoshuka kutoka Ubungo na Sinza. Mtaa unaweza kuyaondoa maji mlangoni kwake. Hauwezi kuamua yatakwenda kumkuta nani. Hapo ndipo ushirikiano wa mtaa unapohitaji ushirikiano wa jiji zima, na hapo ndipo historia yetu inapokatika.

Mwaka 1996 Waziri Mkuu aliivunja Halmashauri ya Jiji, na mahali pake ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Niseme haki: Tume ilifanya kazi. Waliokuwapo wanakumbuka barabara zilizozibuliwa, mapato yaliyopanda na mji uliosafishwa. Keenja aliondoka na sifa, akaenda kuwa mbunge na waziri. Hata hivyo kwa karibu miaka minne jiji kubwa kuliko yote nchini halikuwa na madiwani. Makubaliano ya vikundi kazi yalifanywa na Halmashauri ambayo sasa haikuwapo. Tume iliweza kuyaheshimu ikitaka, na mengi iliyaheshimu, lakini hakuna mwananchi aliyeweza kuidai kwa sanduku la kura. Udhaifu wa vikao vya 1992, kwa maoni yangu, ulikuwa huu tangu mwanzo: vilikuwa vya mradi. Viliishi kwa fedha ya mradi na ratiba ya mradi, na posho ilipokauka, viti navyo vikabaki vitupu. Sheria haikuvifanya kuwa sehemu ya serikali ya mji.

Mwaka 2000 jiji liligawanywa kuwa manispaa tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke, na juu yake ikabaki Halmashauri ya Jiji yenye jukumu la kuratibu. Kimsingi ulikuwa muundo sahihi: huduma karibu na watu, na mambo yanayovuka mipaka mikononi mwa chombo cha pamoja. Jaa lilikuwa mojawapo ya mambo hayo. Ila Halmashauri ya Jiji ilipewa uratibu bila rungu na bila mfuko wa kueleweka. Iliishi kwa vyanzo kama ushuru wa stendi ya Ubungo na maegesho ya magari, huku manispaa zikishikilia ardhi, leseni na wapiga kura. Kuratibu watu watatu wenye nguvu kuliko wewe ni kuwaomba.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu ya kawaida ya mzoaji taka. Kikundi kinachozoa Bunju au Tegeta, kaskazini ya mbali ya Kinondoni, kinatakiwa kuvuka jiji zima hadi Pugu kumwaga mzigo mmoja. Mafuta ya lori yanakula ada iliyokusanywa. Masaki na Oysterbay ada inalipwa na lori linafika mlangoni. Kwenye vichochoro vya Mbagala au Tandale lori halipiti na ada haikamiliki. Kilichobaki ni bonde la karibu, usiku. Tunamlaumu mzoaji, na wakati mwingine anastahili, lakini umbali ule hakuupanga yeye. Ulitokana na manispaa kukosa kukubaliana juu ya hata vituo vya kati vya kukusanyia taka, kwa kuwa kila kituo cha kati kingekuwa katika kata ya diwani fulani.

Desemba 2011 mto ulituletea hesabu yake. Mvua ya siku chache ilijaza bonde la Msimbazi na kuua watu zaidi ya 40. Waliookolewa kutoka mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Uamuzi ule ulikuwa wa huruma na wa haraka, na ndani yake ulikosa sauti mbili. Hakuulizwa mchuuzi wa Kariakoo au fundi wa Gerezani atakwenda vipi kazini kutoka Mabwepande, na hapakuwa na makubaliano na wenye ajira wala wenye daladala. Wengi walirudi bondeni. Miaka michache baadaye, karakana na kituo cha mabasi ya mwendokasi kilijengwa Jangwani, katika bonde lile lile, na kila mvua kubwa tukayaona mabasi yakisimama ndani ya maji. Maskini aliyejenga bondeni huitwa mkaidi. Sijui tukiite nini chombo cha umma kilichofanya vivyo hivyo kikiwa na wahandisi.

Ng'ambo ya bahari, Kigamboni, iliyokuwa bado sehemu ya Temeke, palikuwa na somo la aina nyingine. Kuanzia 2008 wakazi waliambiwa eneo lao litakuwa mji mpya wa kisasa, na kwa miaka wakazuiwa kuendeleza ardhi yao. Mradi ulitangazwa kutoka wizarani. Manispaa ya Temeke, iliyokuwa mamlaka ya upangaji ya eneo hilo, ikageuka kuwa mtazamaji, na wananchi wakawa wasubiri-fidia. Baadaye eneo la mradi lilipunguzwa, kisha shauku yenyewe ikafifia. Mtu aliyekuwa na msingi wa nyumba mwaka 2008 alipoteza miaka ambayo mtoto wake alitumia kumaliza shule. Huo nao ulikuwa mpango wa muda mrefu, uliokosa pande mbili kati ya tatu zilizotakiwa kuukubali.

Katika kipindi hicho hicho halmashauri zilikuwa zikinyolewa kimya kimya. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme. Barabara za mitaa zilikwenda TARURA mwaka 2017. Mwishoni mwa 2018 vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa shilingi 20,000, vilitolewa kwa amri ya Rais, na ushuru uliokuwa ukikusanywa na manispaa kwa machinga ukapotea siku ile ile. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na baadhi ni njema. Ni nani atakayetetea mgambo waliokuwa wakimwaga bidhaa za mama lishe? Ila mtu akikaa kikaoni bila barabara, bila kodi na bila leseni, anakuja na nini cha kubadilishana na wenzake? Ushirikiano ni biashara ya ahadi, na halmashauri zetu zimebakiwa na ahadi chache za kutoa.

Katikati ya hali hiyo likatokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi, kupitia Ramani Huria, walianza kutembea kata kwa kata na wakazi, wakichora mifereji, vichochoro na alama za maji ya mafuriko kwenye kuta za nyumba. Kwa mara ya kwanza Tandale na Keko zilikuwa na ramani nzuri kuliko ya baadhi ya mitaa iliyopimwa. Mwaka 2018, kwa miezi kadhaa, wizara, manispaa, wataalamu, wenye viwanja na wawakilishi wa mitaa walikaa kwenye mfululizo wa warsha kuhusu bonde la Msimbazi. Safari hii mpaka wa mazungumzo ulikuwa ni bonde lenyewe, kuanzia vilima vya Pugu hadi daraja la Selander. Matokeo yake ni mpango wa bonde, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kuutekeleza. Nyumba za Jangwani na mabonde ya jirani zimefidiwa na kubomolewa. Juu ya viwango vya fidia, hasa kwa waliolipwa kwa jengo bila ardhi, malalamiko ni mengi, na yanastahili makala yake.

Lakini tazama tarehe. Warsha zilifanyika 2018. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Manispaa zilikuwa zimeshafika tano, baada ya Ubungo kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Hoja ya kuepuka vyombo viwili juu ya ardhi ile ile haikuwa ya kipuuzi, na Halmashauri ile haikuwa imejijengea watetezi wengi. Pamoja na hayo, ilipoondoka, hapakubaki chombo cha kuchaguliwa kinachoitazama Dar es Salaam nzima. Kipo Mkoa, chini ya Mkuu wa Mkoa anayeteuliwa. Ipo TAMISEMI, iliyoko Dodoma. Ni historia ile ile ya 1992 na 1996: makubaliano yanafungwa, kisha mmoja wa waliotia saini anafutwa.

Majirani wetu hawajaukwepa mtihani huu. Kenya iliunda wizara ya Nairobi na viunga vyake mwaka 2008. Ilipofika 2013, kaunti zilipozaliwa, wizara ikatoweka. Uganda iliiweka Kampala chini ya mamlaka mpya mwaka 2011, serikali kuu ikashika usukani, na ugomvi kati ya meya aliyechaguliwa na mkurugenzi aliyeteuliwa ukachukua miaka. Sheria yao walau ilitamka kwamba upangaji wa Kampala ni lazima uhusishe Wakiso, Mukono na Mpigi. Kwetu, Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo zinahesabiwa kuwa mkoa mwingine, ingawa maji tunayokunywa yanatoka mto Ruvu na DAWASA imekwisha kuzivuka mipaka hiyo kitambo. Bomba la maji limeweza. Sioni kwa nini jaa, barabara na makazi yashindwe, endapo tutakuwa tayari kukipa kisheria chombo cha pamoja mambo matatu: madiwani waliotumwa na halmashauri zao na wanaoweza kuondolewa nazo, sehemu maalumu ya kodi isiyopitia Hazina, na viti vya wawakilishi wa mitaa na wafanyabiashara, wadogo kwa wakubwa, vyenye haki ya kupiga kura. Kiti cha kusikiliza tumekuwa nacho tangu 1992.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Mpango Kabambe uliopo ni wa 2016 hadi 2036, na nusu ya umri wake ni 2026. Hivi karibuni niliwauliza maofisa wa halmashauri tatu tofauti, watu wazuri na wachapakazi, ni nani atakayeitisha kikao cha kuutathmini kabla haujazeeka kama wa 1979. Wawili walinielekeza mkoani. Wa tatu alicheka, akaniambia, "Dokta, hilo waulize TAMISEMI."